Watu Wanne Chini ya Mji

Baba yangu,

Barua za nyumbani huanza kwa kuuliza hali. Yako siwezi kuiuliza, na yangu ukiisikia haitakufurahisha, kwa hiyo naanza na magunia.

Unayakumbuka. Yalikuwa manne, ya katani, yameshonwa midomo kwa kamba ya usumba. Ilikuwa ule mwaka mvua za El Niño zilipokata barabara na Mtwara ikakaa kama kisiwa, hata sukari ikawa kitu cha kusimuliwa. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu. Mvua ilipotulia kidogo ukasema unakwenda shamba kupeleka makopa ya muhogo. Nikakucheka. Nani anatoa makopa mjini kuyapeleka shamba, ambako ndiko muhogo unakotoka? Ukaendelea kukaza kamba za magunia. Nikapanda lori pamoja nawe, nikaona magunia yako yamepangwa vizuri pembeni, nikakalia moja.

"Ondoka hapo!"

Hukuwa umewahi kunifokea namna ile, wala hukurudia tena. Abiria wote waligeuka. Nilihamia juu ya tairi la akiba, nikanuna njia nzima. Lori lilipita Mahurunga, likaendelea. Tulishuka wapi, hapa sisemi. Barua hii itasomwa na wengi, na huko mbele wataelewa kwa nini nakuwa mchoyo wa jina la kijiji. Wewe unapajua.

Kwa wasiokujua, niseme ulikuwa mchimba vyoo. Hukuwahi kulionea haya neno hilo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika "mkulima" kwenye fomu za shule. Wewe na Mzee Nangomwa, mwenzako wa kazi tangu ujana, mlikuwa na sururu mbili, mtaimbo mmoja na ndoo yenye kamba, na nyumba nyingi za Chikongola na Mikindani zinatumia mashimo yenu mpaka leo. Ulikuwa ukirudi mweupe kwa vumbi la matumbawe hadi kwenye kope, mama anakumwagia maji uani kabla hujaruhusiwa kugusa kitu. Ulikuwa ukisema ardhi ya Mikindani ina tabaka: juu takataka zetu, chini yake takataka za wazee, halafu jiwe, na mchimbaji akifika kwenye jiwe ndipo anapoanza kupumua. Mimi nilikuwa naziba pua na kukuambia ukaoge tena.

Na ulikuwa na meno ya kuchonga. Ya mbele, juu, yamekatwa ncha, kama walivyochongwa Wamakonde wengi wa rika lako pande zote mbili za Ruvuma. Siku uliyonipeleka sekondari ulibeba tranka langu kichwani kutoka stendi. Mwalimu wa zamu akakutania, ukacheka, na wasichana wa bweni wakaona. Mpaka jioni nilikuwa nimeshapewa jina, mtoto wa papa. Ulipokuja kunitembelea mara ya kwanza nikakuvuta pembeni nikakwambia, "Baba, ukija hapa usicheke."

"Haya, mwanangu," ulisema.

Tangu siku hiyo ukicheka uliziba mdomo kwa kiganja. Nyumbani pia. Hata kwenye harusi yangu. Sikuwahi kukwambia uache. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na minne, ningeweza kujisamehe. Lakini baadaye nilikuwa na thelathini, nina watoto, na bado nilikuwa nakuona unaziba mdomo na nakaa kimya.

Miaka michache baada ya mvua zile ukaja mradi wa kukarabati majumba ya kale ya Mikindani. Walikuwa wanatafuta mwalimu wa historia anayejua watu, akusanye maelezo ya wenyeji kuhusu handaki lililo chini ya mji. Wakanichagua, nikafurahi mno. Nilikuja mbio nyumbani kukuambia, na wewe ukaendelea kunoa sururu yako. Nilidhani hujaelewa.

Handaki lile lilikuwa linagombaniwa kuliko shamba la urithi. Wapo waliosema lilichimbwa kupitishia watumwa, kutoka kwenye nyumba za mawe hadi ufukweni, wasionekane. Wapo waliosema ni mfereji tu wa maji ya mvua, Wajerumani waliujenga ili mji usizame. Na wengi kuliko wote walisema hawajui, wakabadilisha mazungumzo. Ilinichukua muda kuwaelewa hao. Wenye mababu waliouza watu hawakutaka iwe njia ya watumwa, na wenye mababu waliouzwa hawakutaka vilevile, kwa sababu nani anapenda mjukuu wake aoneshwe kidole shuleni? Mfereji uliwafaa wote. Ulinifaa na mimi, maana nilitaka nionekane mtu wa ushahidi, si mtu wa hadithi za vibarazani.

Niliingia humo kwa magoti, Baba, na tochi na futi ya fundi cherehani. Nilipima mteremko, unaelekea baharini kama mfereji wowote. Nilikuta mchanga na makombe. Nilipima kimo, mtu mzima hawezi kusimama. Hatua chache ndani, upande wa kushoto, nikakuta kipande cha ukuta chenye chokaa iliyo safi kuliko kwingine. Nilikiegemea nikapumzika, nikanywa maji, nikaandika kwenye daftari: ukarabati, huenda wa mwisho wa zama za Wajerumani.

Halafu nikaja kwako na dodoso langu lenye mhuri. Nilifuatana na mtaalamu wa mradi, mgeni mpole, aliyebeba masanduku ya plastiki yenye karatasi za namba. Mama alimpa kiti. Kabla sijasoma swali hata moja, ukauliza wewe.

"Haya masanduku ya nini?"

"Ya kuwekea tutakavyovikuta, Baba. Vigae, shanga. Hata mifupa, kama imo."

"Na vichwa?"

"Na vichwa. Vinapimwa."

"Wapi?"

"Dar. Au nje, kwenye mashine nzuri zaidi."

"Halafu vinarudi?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilikucheka mbele ya mgeni. "Virudi wapi, Baba? Kwa nani?"

Uliyaangalia masanduku kwa muda. Mimi nikaendelea na kazi, nikafika swali la saba: katika uchimbaji wako umewahi kukuta mabaki ya binadamu?

"Hamna," ulisema. "Nangu nimekuta mavi tu."

Mgeni, asiyejua hata kwamba nangu ni mimi kwa Kimakonde, aliomba nimtafsirie. Nilimwambia umesema hapana, nikaweka alama yangu kwenye kisanduku cha "Hapana", nikageuza ukurasa.

Ripoti ilipokamilika nilikusomea yote, kwa sababu hukujua kusoma na nilitaka usikie mwanao anavyoandika. Ulikuwa umekaa kwenye mkeka unabangua korosho za kula nyumbani. Nilipofika kwenye ule ukuta wenye chokaa safi ukainua kichwa.

"Huyo fundi wa Kijerumani, kazi yake ilikuwa nzuri?"

"Ya haraka haraka, Baba. Lakini imeshika."

Ukaziba mdomo. Mabega yakatikisika, machozi yakakutoka, mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nami nikacheka kwa sababu wewe unacheka, nikafurahi kwamba ripoti yangu imekuchangamsha.

Kisha ukafika ule mkutano wa mji kuhusu handaki. Ulikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na kofia yako magotini. Bibi mmoja wa Kimakua alisimama akasema bibi yake alimsimulia kwamba watu waliingizwa mle na baadhi hawakutoka. Ukumbi ukaanza kuvurugana, kila mtu na lake. Nikasimama mimi na karatasi zangu. Nilisema nimepita humo kwa magoti yangu. Nilisema nimehoji mpaka wachimba vyoo, watu wanaoijua ardhi ya mji huu kuliko sote. Halafu nikamgeukia yule bibi nikamuuliza, kwa sauti yangu ya darasani, "Mifupa iko wapi, bibi? Nionyeshe hata mmoja."

Alikaa chini, akajifunika kanga usoni. Watu wakapiga makofi. Nilikutafuta kwa macho nikakuona umeziba mdomo kwa kiganja, nikajua unacheka kwa fahari.

Hukuwa unacheka.

Handaki likaamuliwa kuwa mfereji mkuukuu usio na kazi, tena wa hatari kwa watoto. Likajazwa kifusi, midomo yake ikamwagiwa zege. Waliniomba niandike maneno ya kibao, nikayaandika: mfereji wa maji ya mvua. Herufi ni nzuri, hazijapauka mpaka leo.

Uliugua miaka miwili baadaye, masika. Ulikuwa umekonda mpaka pete ya ndoa ikakutoka kidoleni. Asubuhi moja ukaniambia nikufunge kitambaa sawasawa kichwani, kisha ukasema, "Nikienda, mnilaze shamba. Kwenye mstari wa mawe."

Nikakuambia shamba hakuna makaburi, Baba, pale pana tuta la mawe la kuzuia mmomonyoko. Ukarudia neno lilelile, taratibu, kama unayemwelekeza mgeni njia. Nikakujibu mvua imeharibu barabara, nikakufunika, nikamwambia mama homa imepanda. Hukusema mara ya tatu. Siku nne baadaye wanaume wakaniuliza mimi kama mtoto mkubwa, tunamzika wapi. Nikasema mjini, ni karibu, na watu watahudhuria. Walihudhuria wengi kweli. Nilijisifu kwa hilo.

Mwaka mzima ukapita ndipo nikaenda shamba kusimamia palizi ya mikorosho. Mzee Nangomwa alinikuta pale. Alikuwa amezeeka ghafla, kila maneno matatu anakohoa. Akaniambia niache jembe, nikae. Nilikaa penye mawe, nilipozoea kukaa tangu ule mwaka wa magunia, mahali nilipokuwa nikila chakula changu cha mchana.

"Hapo usikae," alisema. Si kwa ukali. Kwa kuchoka.

Ndipo akanieleza. Ilikuwa kabla tu ya zile mvua kubwa. Mlikuwa mnachimba choo nyuma ya nyumba ya mawe ya mjane mmoja, mmefika kimo cha mtu na nusu, sururu yako ikapitiliza na upepo wa baridi ukatoka. Mkapanua tundu, mkaingia na koroboi.

"Upande mmoja pamezibwa kwa mawe," alisema. "Si kazi ya fundi ile. Ni mtu mwenye haraka, tena kaziba akiwa huku nje. Tukabomoa. Mle ndani kachumba kama banda la kuku. Watu wanne. Wamekaa, wameegemeana."

"Walikuwa na minyororo?"

"Chuma sikuona. Usinitie maneno mdomoni, mwalimu."

"Sasa walikuwa nani?"

"Nangu nitajuaje? Baba yako aliwamulika mdomoni. Watatu meno yao kama ya kwake. Akakaa chini palepale, akashika mdomo wake, akasema hawa wetu. Wa nne mdogo. Yake bado hayajachongwa."

Nikamuuliza kwa nini hamkwenda polisi, kwa nini hamkumwambia mwenye nyumba, au sheikh, au mimi. Alikohoa kwanza.

"Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema wakijulikana watawekwa kwenye sanduku. Akasema hawa walishafungiwa mara moja, inatosha."

Ulinunua bafta ya sanda Chikongola. Mkawatoa mmoja mmoja kwa ndoo ileile ya udongo, baada ya kuiosha kwa maji na mchanga mara saba. Mkaujenga ukuta upya kwa mawe yaleyale, mkapaka chokaa ili asije mtu akauliza, mkaliziba tundu na kumwambia mjane pale pana jiwe kubwa, mkamchimbia choo pembeni. Dini yao hamkuijua. "Tuliwafanyia tunavyojua sisi," alisema Mzee Nangomwa, "tukaswali wawili tu." Kwenye yale magunia manne makopa yalikuwa juu kidogo, ya kufunika.

Basi fundi wa Kijerumani ulikuwa wewe. Na mimi nilikalia mmoja wao kwenye lori, sijui yupi. Sikumuuliza.

Alinionyesha mistari. Mawe ya kichwani, mawe ya miguuni, wote wamelazwa kuelekea Kibla, wameachana sawa. Nimeishi na mawe yale miaka yote nikidhani ni tuta. Nilipohesabu nikapata nafasi tano. Nikamwambia Mzee Nangomwa, mbona tano na watu ni wanne. Akaniangalia kama mtu anayeombwa kubeba mzigo alioutua muda huohuo.

"Ile ya tano ya kwake. Aliipanga mwenyewe. Hakukwambia?"

Uliniambia, Baba. Mara mbili.

Nilimwendea sheikh nikamuuliza kama naweza kukuhamisha. Alinisikiliza kwa huruma na akaniambia kaburi halifunguliwi kwa sababu ya majuto ya aliyebaki. Kwa hiyo upo hapo mjini, katikati ya watu wema usiowajua, na kila Ijumaa napita nje ya ukuta wa makaburi nakusalimia, sijui nikueleze nini.

Nikaiandikia ofisi niliyoipelekea ripoti. Nikasema nilikosea, kulikuwa na watu, ukuta ule haukuwa wa Wajerumani. Walinijibu kwa adabu, wakaninukulia sentensi yangu mwenyewe: hakuna mabaki yoyote ya binadamu yaliyowahi kukutwa. Wakasema kama nina ushahidi mpya, niwaonyeshe mabaki. Nilicheka peke yangu ofisini kwa walimu mpaka mwenzangu akaniuliza kama nina homa. Niwaonyeshe. Niwapeleke shamba na masanduku yao, wafukue ulichofukia, ndipo niaminiwe. Swali nililomtupia yule bibi mbele ya watu limerudi kwangu likiwa na mhuri.

Nilimwendea pia. Anaishi bado, haoni vizuri. Nilipiga magoti kizingitini nikamwambia yote isipokuwa mahali. Alinipapasa uso, akauliza, "Wewe ndiye yule mwalimu?" Nikasema ndiye. Akasema, "Umekuja kuniamini kwa mifupa. Nilipokuja na mdomo wangu ulinikatalia." Akaniambia niinuke, akanipa uji. Niliunywa wote.

Sijui walikuwa nani, Baba. Hata sasa nikiwa najua, sijui. Huenda walifichwa wasubiri chombo na aliyewaficha hakurudi. Huenda ilikuwa vita mojawapo kati ya zile zilizopita pwani hii. Huenda handaki lilikuwa mfereji kweli, na mtu akaugeuza kuwa kitu kingine kwa siku moja tu. Mzee Nangomwa amenikataza nisimtie maneno mdomoni, na wale wanne pia sitawatia. Ninachojua ni kwamba kulikuwa na ukuta uliozibwa kwa nje, nyuma yake watu wanne, mmoja mdogo, na kwamba chumba chao sasa kimejaa kifusi kwa sababu ya karatasi yangu.

Ndiyo maana naandika barua hii wazi, na jina langu chini. Anayetaka kuniita mwongo aniite. Nimeshamwita mwenzangu hivyo mbele ya ukumbi mzima, najua linavyosemwa. Kila kitu nimekieleza isipokuwa kijiji. Hicho sitakieleza kwa ofisi, wala kwa mgeni mpole, wala kwa mwanafunzi wangu yeyote atakayekuja na dodoso. Kama bila hicho historia haiwezi kuandikwa, basi isiandikwe, iendelee kugombaniwa. Wewe ulilijua hilo ukiwa na sururu mkononi. Mimi nimelijua nikiwa na vyeti viwili na baba aliyezikwa pasipo pake.

Nafasi yako bado iko wazi. Nimeipalilia mwenyewe, mawe nimeyanyoosha. Nimewaita wanangu pale, mbele ya Mzee Nangomwa, nikawaambia kwamba hiyo ni yangu, hata kama ni masika, hata kama barabara haipitiki, hata wakinisikia nasema nikiwa na homa. Nimeyarudia maneno hayo mara tatu. Nitalazwa mwisho wa mstari, na meno yangu mazima, jirani na yule mdogo ambaye yake hayakuwahi kuchongwa.

Pumzika, Baba. Na popote ulipo, ukikumbuka yule fundi wa Kijerumani ukacheka, shusha mkono.

Mwanao mkubwa,
Somoe